Pikapu za Gitaa la Zamani: Ni Zenyewe au Kuna Fundi Alishapita?

Haya wadau, karibuni tena mezani kwangu. Leo ni habari ya pikapu, na kabla hujauliza, siyo ile ya kubebea mkaa. Ni hizi hapa chini ya nyuzi: sumaku sita zimezungushiwa waya wa shaba, uzi ukitikisika juu yake unazaliwa umeme mdogo, unakwenda kwenye spika.

Gitaa lenyewe ni Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender ya Marekani. Mwenyewe ni mzee aliyepigia bendi za dansi hapa Dar, anasema ni la 1967, na kuna mtu ameshataja bei. Mzee anataka kujua jambo moja: vilivyomo ndani ndivyo vilivyotoka kiwandani Fullerton, California, au vimebadilishwa njiani? Maana kama vimebadilishwa, bei inashuka, tena siyo kidogo.

Legeza nyuzi, toa. Fungua skrubu 11 za hii sahani ya plastiki, ziweke kwenye kibakuli. Twende.

Hapana, subiri. Kabla hujainua sahani, chukua bisibisi yako uipeleke mbali. Siyo pembeni ya meza. Meza nyingine kabisa. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimevua kifuniko cha pikapu ya miaka ya 60, bisibisi bado iko mkononi, nimeishika tu, sina hata kazi nayo. Pikapu ni sumaku, bisibisi ni chuma. Ikavutwa, tap! Ncha ikazama kwenye koili, yaani ule waya uliozungushwa. Waya wa humo ni geji 42, kama unywele, umezungushwa mara zaidi ya elfu saba. Ukikatika mahali pamoja tu, pikapu imenyamaza. Nilimlipa mwenye gitaa kidogo kidogo, miezi minne.

Na nyingine ya jamaa hiyohiyo: usibonyeze hizi sumaku kwa kidole ati uone kama zinacheza. Kwenye Fender za namna hii koili imezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku. Ukisukuma sumaku, inaondoka na waya. Bisibisi iko wapi? Mbali. Safi.

Sasa inua taratibu. Kuna waya wa ardhi unaokwenda nyuma kwenye springi, na mbili za jeki, tundu la kuchomekea kebo. Ni fupi hizo, usivute. Laza sahani kifudifudi juu ya taulo, upande wenye waya uangalie juu.

Dogo, sogeza kamera. Karibu zaidi. Siyo kwangu, kwenye gitaa!

Tuanze na hivi vikopo vitatu, poti za volyumu na toni, vile vya kuzungusha kurekebisha sauti. Zimegongwa namba mgongoni au ubavuni. Futa vumbi kwa mswaki mkavu. Hii inasoma 137, halafu 66, halafu 18. Tatu za mwanzo ni mtengenezaji: 137 ni CTS, ukikuta 304 ni Stackpole. Mbili zinazofuata ni mwaka, za mwisho ni wiki. Kwa hiyo poti hii ni ya wiki ya 18, mwaka 1966. Kwenye poti za miaka ya 50 utakuta mwaka una tarakimu moja tu, usichanganyikiwe.

Mzee akiona hapa ataniuliza, mbona 66 na mimi nilisema 67? Mzee wangu, tulia. Mwaka 1966 Fender walinunua poti nyingi mno, wakaendelea kuzitumia mpaka mwishoni mwa miaka ya 60. Namba ya poti inakwambia gitaa haliwezi kuwa limefungwa kabla ya wiki hiyo. Lilifungwa lini baada ya hapo, poti haijui. Ukikutana na muuzaji anayekuapia mwaka wa gitaa kwa namba ya poti peke yake, mwitikie vizuri, halafu endelea kuchungulia.

Hizi za pili na tatu nazo 137, nazo 66. Mpaka hapa mzee anapata alama zote. Swichi ni ya njia tatu, vizuri sana, maana ya njia tano Fender walianza kuiweka 1977, na wapigaji wengi waliokuwa na ya zamani walikimbilia kuibadilisha. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaiegesha swichi katikati ya njia mbili ili wapate ile sauti ya puani. Mimi naipenda hiyo sauti kuliko zote tatu za halali.

Sasa risasi, yaani madoa ya kulehemia. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Risasi ya zamani imefifia, kijivu cha sufuria iliyochakaa, na pembeni yake utomvu umeganda kahawia kama asali kavu. Risasi mpya inameta. Aliyelehemu kiwandani alikuwa anafanya kazi hiyo kutwa nzima, tone lake dogo, limetulia. Sisi mafundi wa mtaani, na mimi nimo, tunaweka donge. Kwa hiyo usiangalie doa moja. Angalia yote, uulize kama ni mkono mmoja. Na ole wako uyapitishe kwenye moto upya ili yapendeze! Ukishayayeyusha, ushahidi umekwisha.

Naona ni mkono mmoja... hapa sawa, hapa sawa, na hapa...

Umeme umekatika. Usizime, dogo, endelea kurekodi. Washa tochi ya simu. Hapana, usinimulikie kwa juu, mulika kwa ubavu.

Heee. Mmeona? Rudisha mwanga. Hapo. Doa hili kwenye swichi linameta, na hili la ardhi mgongoni mwa poti ya volyumu nalo linameta. Chini ya taa ya mezani yalikuwa yamejificha. Kuanzia leo nakagua kwa tochi ya ubavu, hata umeme ukiwepo.

Fuata waya. Yote mawili yanakwenda kwenye pikapu moja, ya nyuma, iliyo karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwishoni. Sasa shika waya wenyewe, polepole. Za pikapu mbili nyingine zimevishwa pamba iliyosukwa, ukiisukuma inarudi nyuma kama mkono wa shati. Huu umevishwa plastiki. Plastiki ilianza kuingia Fender mnamo 1968. Si ushahidi wa kumfunga mtu, lakini gitaa moja, pikapu mbili za pamba na moja ya plastiki, mmh.

Kitako chake ni cha kijivu kama za wenzake, kwa hiyo kwa kitako utadanganyika. Kabla ya 1964 vilikuwa vyeusi, baadaye vikawa kijivu kwa miaka mingi. Hizi mbili zina tarehe ya wino kitakoni. Usifute, usipige spiriti, usipitishe hata kidole chenye jasho.

Sasa nageuza sahani tuone uso wa hii ya nyuma. Na hapa mtakaonicheka kwenye maoni mna haki. Sumaku zake zote sita ziko sawa, kimo kimoja. Za wenzake zinapanda na kushuka, ya uzi wa tatu imetokeza kuliko zote, kwa sababu zamani uzi wa tatu ulikuwa wa kuvingirishwa waya na sauti yake ilihitaji kusaidiwa. Fender waliacha kupandisha na kushusha 1974. Maana yake hii ni ya 1974 au baada ya hapo. Na hilo lilikuwa linaonekana kwa nje, kabla sijafungua skrubu hata moja! Nilisema twende, nikaenda. Kwa hiyo ninyi anzeni na uso wa pikapu. Mimi nimeanza na bisibisi.

Inaelekea kuwa ya Fender, tena ya Fender ya zamani. Ila si ya gitaa hili.

Tupime haraka, mita inatumia betri. Chomeka kebo kwenye jeki, volyumu na toni kumi, mita kwenye ncha ya kebo, hamisha swichi. Ya mbele 6.0, ya katikati 5.9, ya nyuma 6.2, zote kilo-omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Kawaida ya Stratocaster za enzi hizo. Lakini angalia: shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi joto 10. Mtu akipima Ulaya kwenye nyuzi 20 na mimi nikapima hapa kwenye 32 feni imezima, namba zetu hazitafanana, na pikapu ni ileile. Kipimo kinakwambia koili ni nzima. Umri hakijui.

Wenye magitaa ya Gibson, wapinzani wa Fender, msinitukane, nawakumbuka. Kwenu kuna ile stika nyeusi ya mwishoni mwa miaka ya 50 inayosema hataza imeombwa, kwenye pikapu ya koili mbili ya Seth Lover, mhandisi wa Gibson. Stika inachapwa na yeyote mwenye printa. Tazama risasi iliyoshika kifuniko cha chuma, kama haijawahi kufunguliwa. Ile iliyofuata ikaandikwa namba ya hataza 2,737,842, na kichekesho ni kwamba namba hiyo si ya pikapu, ni ya kishikilia nyuzi cha Les Paul. Kwa hiyo stika yenye namba isiyo yake ndiyo ya kweli. Mimi ni mtu wa Fender, hatuna mambo hayo.

Ngoja nimpigie mzee, naweka spika.

Shikamoo mzee. Ndiyo, nimefungua. Poti zenyewe, swichi yenyewe, pikapu mbili zenyewe. Ya nyuma si yake, mzee wangu. Eeh. Ilikufa safarini? Fundi akakuwekea nyingine. Sasa ile iliyokufa ilikwenda wapi?

Kopo la maziwa, chini ya kitanda. Mzee, usilitikise hilo kopo! Usilifungue. Humo hamna bisibisi wala misumari? Bisibisi imo. Basi usiguse kitu, tunakuja. Hiyo pikapu, hata ikiwa imekufa ina bei yake, na koili inasukwa upya.

Dogo, funika gitaa, leta begi. Wanaotaka poti za CTS za kilo-omu 250, ninazo, andikeni kwenye maoni. Zima.