Kabla Hujagusa King'ora: Udereva wa Gari la Zimamoto Huku Marekani

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani? Leo nipo kituoni, na hili dude jekundu nyuma yangu ndilo mlilokuwa mnaniulizia. "Kaka, unaliendesha?" Bado. Nashika usukani mkufunzi akiwa pembeni, basi. Mimi hapa ni mzimamoto wa kujitolea, na msishangae, wazimamoto wengi wa Marekani ni wa kujitolea.

Tuanze na leseni. Lori la kuanzia pauni 26,001, yaani karibu tani 12, dereva wake anatakiwa awe na leseni ya udereva wa magari ya biashara, wanaiita CDL. Lakini sheria ya shirikisho inaruhusu kila jimbo kuwasamehe wazimamoto, na majimbo mengi yamewasamehe. Kwa hiyo kuna sehemu mtu ana leseni ya gari dogo tu na anaendesha hili dude, kisheria hana kosa. Mimi naona ni hatari tupu. Ndiyo maana vituo makini haviishii kwenye leseni, vinakudai ufikie kiwango cha NFPA, shirika la hapa linaloandika viwango vya zimamoto, ambacho ni cha madereva wa zimamoto hasa; kilikuwa kinaitwa NFPA 1002, siku hizi kimeingizwa ndani ya NFPA 1010.

Mazoezi yenyewe ni koni uwanjani. Unapita katikati yake kwa kujipinda, mbele na rivasi. Unaingiza gari kinyumenyume kwenye kijinafasi. Unaligeuza mahali pafinyu. Halafu kuna njia inayozidi kubana kadiri unavyoenda, na hutakiwi kugusa koni hata moja. Mkufunzi wangu haangalii koni, anaangalia macho yangu kama yanakwenda kwenye vioo. Na rivasi lazima mtu ashuke akuelekeze. Akipotea tu kwenye kioo, unakanyaga breki papo hapo, hata kama unahisi umebakiza kidogo.

Sasa maji. Hapa madereva wa malori mtanielewa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Boza la galoni 1,000 lina lita 3,785, kwa hiyo una karibu tani nne mgongoni, tena tani zinazotembea! Aliyewahi kujitwika ndoo isiyojaa anajua: wewe umesimama, maji bado yanaenda. Ndani ya tangi kuna kuta zenye matundu za kuyapunguzia kasi, ila haziyazuii kabisa. Tangi likiwa nusu ndiyo balaa zaidi, kwa sababu maji yanapata nafasi ya kukimbilia upande mmoja ukikata kona.

Maboza mengi yanapinduka hivi: tairi za kulia zinatoka kidogo kwenye lami, dereva anashtuka, anavuta usukani kwa nguvu arudi barabarani. Tairi zinadaka lami, maji yanahamia upande wa pili, gari chali. Tunafundishwa tuliache lishuke pembeni, tuondoe mguu kwenye mafuta, mwendo ukipungua ndipo turudi taratibu. Mwili wote unakataa kufanya hivyo, ndiyo maana tunarudiarudia.

King'ora nacho watu wanakielewa vibaya. Unachofanya ni kuomba njia, mwenye gari lake anaweza asikusikie. Kafunga vioo, muziki juu, na wewe ukiwa na kasi sauti inamfikia umeshamkaribia. Sheria za majimbo zinakuruhusu kuzidi mwendo na kupita taa nyekundu, mradi ujali usalama wa kila mtu. Ukiua mtu kwa uzembe, hakuna king'ora kitakachokutetea mahakamani. Kituoni kwetu taa ikiwa nyekundu unasimama kabisa, unahakikisha leni ya kwanza imesimama, unasogea, unaangalia ya pili, hivyohivyo mpaka umevuka. Na usisahau gari lingine la zimamoto linaloweza kutokea upande wa pili. Kila dereva anasikia king'ora chake mwenyewe!

Mkanda sitasema mengi: gari haliondoki mpaka kila aliyemo amefunga. Kwa miaka mingi ajali za barabarani zimekuwa kati ya visababishi vikubwa vya vifo vya wazimamoto kazini hapa, ingawa maradhi ya moyo ndiyo yanayotangulia. Wengine hawakufika hata kwenye moto wenyewe.

Kuna gari moja nalitamani, lile refu la ngazi lenye madereva wawili. Mmoja mbele kama kawaida, mwingine amekaa kule nyuma kabisa na usukani wake, anaongoza tairi za nyuma. Ukikata kona mbele kulia, yeye mwanzoni anakunja kinyume ili mkia usipande juu ya magari yaliyoegeshwa. Nikiruhusiwa kulirekodi nitawaletea.

Haya, madereva wa maboza ya maji na mafuta mnaonitazama, swali lenu hili: mzigo ukiwa nusu tangi, mteremko mkali na kona iko chini, mnaingia na gia gani? Niandikieni hapo chini, nataka kumsomea mkufunzi wangu.