Povu Darini: Nipulize au Nisipulize?

REHEMA: Karibuni jamani. Kaka Idi, kuna mama mmoja wa Leicester katuandikia. Kabishiwa hodi na muuzaji, kaambiwa apuliziwe povu linaloganda chini ya vigae vya paa, baridi iishe. Akubali?

IDI: Asitie sahihi kwanza. Nasema wazi, dada Rehema: nyumba ya zamani ya hapa Uingereza, yenye kenchi za mbao, mimi nisingeipuliza.

REHEMA: Lakini baridi si linazuia?

IDI: Linazuia, tena sana. Lile povu gumu, kwa unene uleule, linaishinda pamba ya kioo karibu mara mbili. Na linaziba kila upenyo. Sasa shida ndiyo hiyo hiyo. Dari hizi zimejengwa zipitishe hewa: inaingia upenuni, inatoka na mvuke wa bafuni na jikoni. Ukiziba ovyo, mvuke unakwama kwenye ubao baridi nyuma ya povu. Ubao unaoza na wewe huuoni.

REHEMA: Na mkaguzi haoni.

IDI: Hapo sasa! Mtu akiomba mkopo wa kuinunua nyumba yako, benki inamtuma mkaguzi, anapanda na tochi, anakuta povu limefunika kenchi hadi vichwa vya misumari. Aandike nini? Wapo wakopeshaji wakubwa wanaoikataa nyumba hiyo papo hapo. Unabaki na nyumba usiyoweza kuiuza.

REHEMA: Inaniuma, maana serikali yenyewe ilichangia gharama za povu kupitia Green Homes Grant, 2020 hadi 2021. Watu waliamini.

IDI: Na walikuwa na haki ya kuamini. Halafu kuna afya. Povu ni vimiminika viwili vinavyokutana kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia, na kimoja kina isosayaneti, kemikali inayoweza kuleta pumu. Ndiyo maana fundi anavaa barakoa maalumu na wenye nyumba wanatoka mpaka hewa isafike. Kwa mwenye watoto wadogo, hilo si jambo la kupuuza.

REHEMA: Mama afanyeje basi?

IDI: Atandike ile pamba ya kioo kwenye sakafu ya dari. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni milimita 270. Tabaka la kwanza likae katikati ya mihimili, la pili likatize juu yake. Upenuni asizibe kabisa.

REHEMA: Na aliyekwisha kupuliza?

IDI: Asikimbilie kubandua! Wapo wanaopiga simu kuwatia watu hofu, kumbe wanauza kazi ya kubandua, na kazi yenyewe ni ghali, povu linakwanguliwa kwa mkono. Amtafute mkaguzi aliyesajiliwa na RICS, chama cha wakaguzi wa majengo, asiyeuza povu wala kuliondoa, apime unyevu wa mbao. Na karatasi za kazi ile, hata moja asitupe.

REHEMA: Mama wa Leicester, tutumie picha ya dari yako kabla hujamjibu yule muuzaji. Huenda pamba ipo tayari, ni ya kuongezea tu.