Kaskazini si Darini

Asanteni, walimu. Nazungumzia tunavyowafundisha watoto maarifa ya jamii, nikianza na ramani. Walionisikia kabla ya leo wanajua ninakoelekea; wanivumilie.

Nilimuuliza mtoto wa darasa la tatu: kaskazini ni wapi? Akanyoosha kidole darini. Sikucheka, maana alijibu alivyofundishwa. Ramani imetundikwa ukutani, mwalimu anasema kaskazini ni juu, mtihani unauliza hivyohivyo, naye anapata vema yake. Mtoe nje sasa!

Ishusheni ramani. Itandikeni chini, muizungushe mpaka kaskazini yake ielekee kaskazini yenyewe. Mtaijuaje? Chomekeni kijiti wima uwanjani, mtie alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache, tangu kabla ya adhuhuri hadi baada yake. Kivuli kifupi kuliko vyote hulala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Mkono wa kulia ukielekea jua lilikochomoza, uso unatazama kaskazini. Najua kuna mtu hapa atasema zipo siku, katika nchi za joto, jua hufika utosini kivuli kikapotea. Ndugu yangu, siku hiyo fundisha wimbo.

Na hiyo "juu" nani aliipanga? Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiislamu, katika ramani yake ya dunia ya mwaka 1154, aliweka kusini juu, wala hakukosea. Mercator, mchora ramani wa Ulaya, mwaka 1569 aliwachorea mabaharia ramani, wapate kushika uelekeo mmoja kwa mstari ulionyooka, na kwa ajili hiyo nchi za karibu na ncha za dunia zikavimba. Humo kisiwa cha Greenland kwa macho inakaribia Afrika, kumbe Afrika inaizidi takriban mara 14! Mpe mtoto tufe la dunia na karatasi nyepesi, aikate Greenland, aipachike juu ya Afrika ahesabu mwenyewe.

Lakini kabla ya dunia, achore darasa lake. Atachora dawati lina miguu minne iliyotawanyika kama mjusi aliyekanyagwa. Msimwambie kakosea. Mpandisheni juu ya kiti, mumshike, atazame dawati kutoka juu: miguu iko wapi? Haipo. Anafuta. Kisha apime chumba kwa hatua, kila hatua mraba mmoja wa karatasi. Huyo skeli, yaani uwiano wa mchoro na kitu chenyewe, ameshaielewa, jina lake mtamwambia baadaye.

Mtasema muda hautoshi, mada ni nyingi: familia, ujirani, serikali, mahitaji na matakwa. Ni nyingi kweli, na nyingi ya hizo mtoto anazikariri Jumatatu, Ijumaa hazimo.

Basi haraka haraka. Historia: waanze na mzee wanayemjua, wapange miaka ya maisha yake kwenye kamba, wafalme watafuata. Serikali: wapige kura ya kanuni za darasa, na matokeo yaheshimiwe, siyo mwalimu ndiye anayeyapindua. Uchumi... naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, uchumi niulizeni kwenye maswali. Ila asiniulize mtu kama kijiti kinatoka kwenye mtihani.