Kinyesi Kina Jibu: Nani Anakula Nini Porini

(Mhadhara uliotolewa Tabora mjini)

Wazee wangu, walimu, na ninyi vijana mnaosomea wanyamapori, asanteni kwa kuja.

Huku kwetu kuna hoja mbili zinazogongana. Askari wa wanyamapori anasema ng'ombe wanamaliza malisho ya palahala na korongo, wale swala wakubwa wala nyasi. Mfugaji anasema kila mnyama ana majani yake. Wote wanazungumza kwa uzoefu, nami nauheshimu. Lakini jambo hili linapimika, tena kipimo chenyewe tunakiruka kila siku njiani: kinyesi.

Zamani mtaalamu aliweka kinyesi chini ya hadubini akatafuta mabaki ya ngozi ya jani. Jani laini likisagika lote tumboni, hakuliona. Wengine wakapima kaboni, ambayo hutenganisha nyasi na majani ya miti, basi. Nyasi gani? Haisemi.

Vinasaba vinasema. Seli ya jani ina kloroplasti nyingi, yaani vichembe vya kijani vya jani, na kila moja ina vinasaba (DNA) vyake, kwa hiyo hata mnyama akicheua vipi, vipande vifupi hubaki. Mwaka 2007 Pierre Taberlet na wenzake, kutoka Ufaransa, walieleza matumizi ya kipande chenye herufi za vinasaba 10 hadi 143 tu. Ncha zake zinafanana karibu kwa mimea yote. Katikati ndipo mimea inapoachana. Maabara huvinasa vipande hivyo, huvizidisha, huvisoma, kisha huvilinganisha na maktaba ya vinasaba vya mimea inayojulikana.

Majirani zetu wa Kenya wanao mfano mzuri. Utafiti wa kituo cha Mpala, Laikipia, uliochapishwa 2015 na Tyler Kartzinel na wenzake, ulichunguza aina saba za wanyama, kuanzia tembo hadi digidigi, ng'ombe wakiwemo. Nyasi zilikuwa zaidi ya asilimia 99 ya chakula cha punda milia wa kawaida, na chini ya asilimia 1 kwa digidigi. Hilo mchungaji yeyote angelikisia. Lililonishika mimi ni kwamba hata wala nyasi wenyewe hawakuchangia sahani: walikula nyasi kwa kiasi kinachokaribiana, lakini aina zikatofautiana sana. Kwa macho usingeliona hilo hata ungeshinda porini na darubini.

Swali hilo la nani anakula nini tuliulize hapa kwetu, katika hifadhi ya Ugalla, masika na tena kiangazi, maana Oktoba si Februari.

Vijana, sampuli huharibikia mikononi mwenu kabla haijafika maabara. Tafuteni kinyesi kibichi, jua halijakichoma. Msichote upande uliogusa ardhi, mtabeba nyasi ambazo mnyama hakuzila. Pasueni, chukueni punje ndogo ya katikati, itieni kwenye kichupa chenye silika jeli ya kukaushia au spiriti kali. Kila rundo na glovu zake. Andikeni mahali na tarehe papo hapo.

Njia hii haitoi kilo, wala haisemi kama kililiwa jani au tunda. Na nyasi zenye undugu wa karibu huweza kuwa na herufi zile zile.

Zaidi ya yote, maktaba ikiwa haina mmea wa miombo yetu, maabara itasoma herufi na kukosa jina. Hapo, wazee wangu, ndipo tunapowahitaji. Mchungaji anajua jani ambalo ng'ombe huliendea kwanza mvua zikianza. Twende naye, tukaushe jani hilo, tubanie tawi lenye ua kwenye gazeti, na jina la Kinyamwezi au Kisukuma liandikwe kwenye lebo kama alivyolitaja.