Kufika Kwenye Behewa la Mwisho

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa walimu, na ninyi vijana mnaosomea ufundi wa mitambo: nimeombwa nizungumzie kazi ya kukagua na kutengeneza mabehewa ya mizigo, nami nitaizungumzia kwa upande wa breki, kwa kuwa ndiko nilikotumia sehemu kubwa ya miaka yangu.

Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, na katika safari yote hiyo hakuna kipande kinachomtia fundi mawazo kama kile cha Mlimba na Makambako, ambako njia inapita kwenye mahandaki na madaraja mengi kati ya bonde la Kilombero na nyanda za juu. Treni inayopanda pale hutegemea nguvu za kichwa, yaani injini inayoivuta, lakini inayoteremka na shaba hutegemea breki za kila behewa, maana kichwa peke yake hakiwezi kuzuia uzito wote unaokisukuma. Wengi wenu mmesikia habari za Igandu, Dodoma, kwenye Reli ya Kati, tarehe 24 Juni 2002: treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani, ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281.

Katika breki za hewa, wanafunzi wengi hudhani kwamba hewa ikijaa kwenye bomba linalounganisha mabehewa yote ndipo breki hubana. Ni kinyume chake. Hewa iliyojaa bombani huziachia breki. Ikipungua, vali ya kila behewa huruhusu hewa ya tangi lake iingie kwenye silinda na kusukuma vyuma vya breki hadi vibane magurudumu. Kwa mfumo huu, ambao George Westinghouse aliupatia hataza mwaka 1872, bomba likikatika treni hujifunga yenyewe.

Hatari imo katika koki. Kila ncha ya behewa ina koki ya kufungua na kuziba bomba, na moja tu ikisahauliwa imefungwa, mabehewa yote yaliyo nyuma yake hayapati habari yoyote dereva anapovuta breki, ilhali kipimo kilicho mbele yake kinaonyesha hewa ya kutosha. Kipimo kile hakidanganyi. Kinaeleza tu hali ya bomba hadi pale lilipozibwa.

Nikiwa fundi mchanga, usiku mmoja treni ilikuwa imechelewa na msimamizi akawa anahimiza karatasi itiwe sahihi. Nilikagua nusu ya mabehewa, nikatia sahihi. Mzee niliyekuwa chini yake hakunigombeza. Alichukua taa, akanishika mkono hadi behewa la mwisho, akaniambia niingize kidole kati ya chuma cha breki na gurudumu. Breki zilikuwa zimeshavutwa, na kidole changu kilipita. Tulirudi tukifuata mabomba, tukaikuta koki imefungwa nyuma ya behewa la saba. Bado nakikumbuka kile chuma baridi kidoleni.

Ukaguzi una mambo mengine, nayo mtayazoea: nyundo, kwa kuwa gurudumu zima hulia kama kengele na lenye ufa hutoa sauti butu, na kiganja kinachosogezwa karibu na beringi kusikiliza joto, kwa sababu ekseli iliyochemka inaweza kukatika njiani. Lakini nawasihi sana wale mtakaokuwa wasimamizi msiuhesabu muda wa kutembea pande zote mbili za treni kuwa ucheleweshaji, kwani huo ni sehemu ya safari yenyewe.

Sasa tutoke nje. Kuna mabehewa sita kwenye njia ya pembeni, hewa imejazwa, na koki moja nimeifunga mwenyewe asubuhi. Anzeni kutoka kichwani, pande zote mbili, mniambie iko wapi.