Mipira Kwanza, Busti Baadaye: Forester SG5 ya Turbo

Karibuni tena. Leo Subaru Forester yangu imelala kwenye maegesho ya nyumbani hapa Rongai, boneti iko juu, injini imepoa tangu jana usiku, na mpwa wangu ndiye anashika kamera. Ni SG5, hiyo ndiyo namba ya muundo wake, ya mwaka 2005, injini EJ205 ya lita 2, turbo TD04 ya Mitsubishi. Ilitoka kiwandani Japani na farasi 220. Baada ya miaka 20 kuna farasi wamepotelea njiani, na leo tunawatafuta.

Kila wiki mnaniuliza busti, yaani shinikizo la hewa ambayo turbo inaisukuma ndani ya injini, inaongezwa vipi. Gari la turbo lenye umri huu huanzii kwenye busti, unaanzia kwenye mipira, hizi hosi zinazopitisha hewa. Mpira ukivuja, hewa ambayo kompyuta ya injini imeshaihesabu inatoroka, petroli inayomwagwa inabaki nyingi kuliko hewa, gari linatoa moshi mweusi, linakunywa, na wewe unaenda kununua turbo nyingine bure. Ndiyo, mipira ya silikoni ninaiuza, kwa mita, na hakuna ninayouza ambayo sijaifunga kwanza kwenye gari hili. Nyeusi ndiyo ninayoipenda, injini ibaki na sura yake ya kiwandani. Wa buluu pia mko wengi, na ya buluu ipo.

Tunatoa intakula, kipoza hewa ya turbo, hili bapa lililolala juu ya injini, chini ya mdomo wa boneti unaomeza upepo. Bolti mbili za pembeni, spana namba 12. Bolti mbili za blowofu, vali inayoachia hewa ya turbo ukiondoa mguu kwenye mafuta, namba 12 tena. Legeza klipu ya upande wa turbo, legeza ya upande wa throto, lango la hewa la injini, inua, imetoka.

Tia kidole kwenye mdomo wa turbo ushike ncha ya shafti. Ikicheza kidogo kushoto na kulia ni sawa. Ikivutika kwenda nje na kurudi ndani, funga kila kitu, hiyo ni kazi nyingine. Yangu haivutiki. Sasa ziba: kitambaa kwenye turbo, kitambaa kwenye throto, vyekundu ili usivisahau, na useme kwa sauti ni viwili. Gurudumu lililo humo ndani huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kwa hiyo nati ndogo tu ikidondoka, hutakuwa na turbo wala usingizi.

Ndani ya intakula kuna mafuta. Utando mwembamba kama huu ni wa kawaida, unatokana na mvuke wa injini. Yakimwagika ukiinamisha, hapo kuna jambo. Mafuta ya taa kidogo, tikisa, mwaga, halafu maji moto na sabuni mpaka yatoke meupe. Kisha ianike siku nzima. Hii yangu ina utando tu, kwa hiyo kuiosha leo tunaruka.

Sasa mipira midogo. Mpwa wangu, sogea. Sogea zaidi, kamera ikae hapa hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu, na hapa ndipo mimi niliharibu.

Unaona mpira huu mfupi unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye hii tii, kiungo cha njia tatu? Ubonyeze kwa vidole. Laini, laini, halafu pale katikati kuna kitu kigumu. Hicho ni kidonge. Ni shaba, kidogo kama punje ya mahindi, kina tundu ambalo pini inapita kwa shida. Usikitupe. Nasema tena, usitupe mpira wowote wa zamani kabla hujaubonyeza wote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kazi yake ni hii. Hewa ya turbo inapita kwenye kidonge, halafu inagawanyika, nyingine inaenda westigeti, mlango unaopitisha moshi wa ekzosi pembeni ili turbo isizidi, nyingine inaenda kwenye solenoidi, vali ya umeme. Solenoidi inamwaga sehemu ya hewa hiyo, na kwa njia hiyo kompyuta inaamua westigeti ifunguke lini. Ukiondoa kidonge, hewa inakuja kwa wingi ambao solenoidi haiwezi kuumwaga, westigeti inafunguka mapema, busti inakufa.

Impreza niliyokuwa nayo kabla ya hii, nilikata mipira yote kwa siku moja, nikafunga mipya, ya zamani nikaitupa kwenye pipa, na takataka zikabebwa. Gari likapendeza, likawa zito. Geji ya busti inafika bar 0.5 inakwama hapo. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha solenoidi, nikatafuta mvujo wiki tatu. Fundi mmoja mzee wa Grogan, mtaa wa magereji Nairobi, akaja akabonyeza mpira huo mmoja tu, akaniuliza, "Kidonge chake umekipeleka wapi, kijana wangu?" Sijasahau mpaka leo.

Kwa hiyo pasua mpira wa zamani kwa wembe, taratibu, kitoe, kisafishe kwa petroli, kiangalie kwenye mwanga uone tundu liko wazi. Kisukume ndani ya mpira mpya, kisha funga kitambulisho cha plastiki hapo nje, mwenye gari atakayekuja baada yako ajue. Na msije kuniuliza kama mnaweza kuweka chenye tundu dogo zaidi ili busti ipande. Itapanda, ndiyo. Kompyuta hii ilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani ya juu. Ukipandisha busti bila kuipanga upya, injini inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka ovyo humo ndani, na pistoni za EJ zikigonga sana hupasuka pale kati ya ringi na ringi.

Mipira iliyobaki unabadilisha mmoja mmoja. Toa mmoja, kata mpya urefu ule ule, rudisha, ndipo ushike mwingine. Silikoni ya milimita 4 kwa... ngoja. Ngoja, usizime. Mmesikia huo mlio? Tii ya plastiki imekatika mkononi, kipande kimebaki ndani ya mpira. Plastiki ya miaka 20 ya joto la turbo inakuwa kama biskuti. Nina ya shaba kwenye droo, nipe hiyo, siyo hiyo, ya kushoto. Haya. Usivute mpira ulioganda, uzungushe kwanza, na ukigoma ukate kwa wembe. Kidonge kiko wapi? Hiki hapa, kwenye kifuniko cha chupa. Sawa.

Kurudisha intakula: toa vitambaa, kimoja, viwili. Mpira wa throto upake maji ya sabuni, kwa sababu ukiingia mkavu mdomo wake wa chini unajikunja na huuoni. Pitisha simu huko chini upige picha kabla ya kukaza klipu. Huu wangu, tazama picha, umejikunja. Toa tena. Sabuni zaidi. Sasa umekaa. Gasketi ya blowofu usiisahau, kisha kaza zote.

Geji ya busti chukulia kwenye mpira mwembamba wa blowofu, unaotoka manifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Ule wa westigeti usiuguse. Ukichomoka ule, westigeti haifunguki, busti inapanda mpaka kompyuta ikate petroli, na gari linashtuka kama limegongwa nyuma.

Washa. Huo mngurumo unatokana na mikono ya ekzosi isiyolingana urefu, na ndio ulionifunga kwa Subaru tangu 1997, mwaka Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Impreza, mimi nikiwa mabegani mwa baba kando ya barabara, tumejaa vumbi mpaka kope.

Geji inasoma karibu bar −0.5 gari likiwa limesimama, maana hapo injini inavuta hewa, busti bado. Watu wa Mombasa mtasema injini imechoka, kwenu inasoma karibu −0.65. Haijachoka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, na ndiyo sababu turbo inapendwa huku. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo tulichogusa, upande wa turbo angalia povu gari likiwa limekanyagwa kidogo. Hakuna povu. Hapa moja, kwenye klipu ya turbo. Robo mzunguko. Limekwisha.

Tumetoka Kiserian tunapanda Kona Baridi, gia ya tatu, barabara iko wazi. Mimi naangalia mbele, mpwa wangu anasoma geji. Soma kwa sauti. "Nukta tano. Nukta saba. Nukta nane, mjomba, imesimama nukta nane na nusu."

Iache hapo hapo. Jumamosi tunafungua ekzosi.