Tunapima Nini Tunapopima Nyonga?

Karibuni. Kabla ya yote naomba msimame, kila mmoja ashike kiuno, vidole gumba vielekee nyuma. Huo ukingo wa mfupa mnaoushika pande zote mbili ni sehemu ya juu ya nyonga. Mstari unaounganisha kingo hizo mgongoni hupita takribani kwenye pingili ya nne ya kiuno. Mtaalamu wa ganzi huutafuta mstari huo kabla ya upasuaji wa uzazi, maana kwa mtu mzima ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva ambayo sindano haipaswi kuigusa, kwa kawaida umekwisha juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili. Haya, kaeni.

Sindano ya ganzi ikiingia katikati ya mgongo hukutana na kano tatu: inayoshona ncha za pingili, inayojaza nafasi kati ya ncha hizo, kisha kano ya njano. Hii ya tatu imejaa elastini, protini inayovutika, kiasi cha asilimia 80, na ndiyo inayoipa rangi. Mkono uliozoea huihisi: sindano inagoma, inagoma, mara inaachia. Kwa mjamzito kano zimelainika, basi hata huko kugoma kunaweza kufifia.

Shikeni hilo neno, kulainika, kwa sababu ndilo lililosahaulika zamani watu walipoanza kupima nyonga ili kujua kama mtoto atapita.

William Smellie, mkunga wa kiume wa Uingereza katika karne ya 18, alipima kwa vidole. Unaingiza viwili, unatafuta kichomozo cha juu cha sakramu, mfupa wa mwisho wa mgongo ulio nyuma ya nyonga, kisha unaangalia umbali wake hadi ukingo wa chini wa kiungo cha kinena, pale mifupa ya mbele inapokutana. Wastani ni sentimita 12.5. Ukitoa 1.5 au 2 unapata kipenyo ambacho kichwa cha mtoto kinapaswa kukipita, karibu sentimita 11. Njia hii ina akili, na kidole kisipokifikia kichomozo, hiyo nayo ni habari njema: nafasi ni kubwa. Baudelocque, daktari wa uzazi wa Ufaransa, yeye alipima kwa nje, kwa koleo la kupimia, kutoka mgongoni hadi kinenani, kisha akatoa inchi tatu. Mimi sioni ilivyodumu muda mrefu vile. Unene wa mfupa na nyama hutofautiana kati ya mwanamke na mwanamke. Hizo inchi tatu ni za nani?

Baadaye ikaja eksirei. Ilionyesha mifupa vizuri, lakini mwaka 1956 daktari Alice Stewart wa Uingereza na wenzake walianza kuonyesha kwamba watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni mwa mama walipata saratani zaidi. Wengi hawakumwamini kwa miaka mingi.

Wakati wote huo nyonga ilipimwa kana kwamba ni kitu kimoja kigumu. Sivyo ilivyo. Sakramu imening'inizwa kati ya mifupa miwili ya nyonga kwa kano za nyuma, ambazo ni miongoni mwa kano zenye nguvu kuliko zote mwilini. Mbele, mifupa ya kinena imeachana kwa milimita 4 hadi 5, na mimba huongeza 2 au 3. Ikizidi 10 mama anaweza kushindwa hata kugeuka kitandani bila kulia, nanyi msimwambie ni uchovu wa mimba. Mwaka 1926 Frederick Hisaw aliwachoma simbilisi damu ya wanyama wenye mimba, kano za kinena zikalegea. Hapo ndipo ilipoanza habari ya relaksini, homoni inayolegeza kano.

Mikao nayo ina lake. Wanawake 35 wasio na mimba walipopimwa kwa MRI, picha zinazopigwa kwa sumaku, upana kati ya miiba miwili ya mfupa iliyo ndani ya nyonga ulikuwa mkubwa kwa zaidi ya nusu sentimita walipochuchumaa kuliko walipolala chali. Mlango wa juu wa nyonga, anakoingilia mtoto, haukuongezeka. Kwa hiyo kuchuchumaa husaidia mtoto akishashuka. Asiposhuka kabisa, tafuteni sababu nyingine.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mjamzito mwenye afya asipimwe nyonga kwa vidole kama utaratibu wa kumpokea leba. Nakubaliana nalo. Kipimo bora ni uchungu wenyewe, na patografu, chati ya kufuatilia uchungu unavyoendelea, ndiyo rula yake. Mistari yake miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, waliichora madaktari Philpott na Castle mwaka 1972, wakifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ambako mkunga wa kituo cha mbali alihitaji kujua saa ya kumsafirisha mama.

Dada wa nyuma anauliza: mbona basi kliniki tunaangalia kimo chini ya sentimita 150? Swali zuri. Kimo hicho kinakusaidia kuchagua mahali pa kujifungulia, pawe karibu na chumba cha upasuaji. Hakikupi ruhusa ya kumwambia mama kwamba hatajifungua kwa njia ya kawaida. Mwandikie rufaa mapema, na uchungu ukianza mfungulie patografu kama mwingine yeyote.